Mwalimu Aliyetualika Tuone Kushindwa Kwake

Maji yalikuwa yameanza kurudi, nasi tunafunga kamba za mwisho za mwani, simu ya mama mkubwa ilipolia ndani ya kifuko cha plastiki alichojivisha shingoni. Aliyepiga alikuwa kijana anayetunza maabara ya shule ya sekondari kule Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa chetu. Mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akairudisha simu kifukoni, akasema, "Mwalimu wa kemia amefariki. Huko huko bara alikopelekwa." Akaongeza, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Jirani yetu aliyekuwa mstari wa pili akanong'ona, "Marehemu alikuwa Mkristo, shoga." Mama mkubwa hakugeuka. "Kwani Mkristo anarejea kwa nani?" Tukaendelea kufunga mwani, kwa kuwa maji yakianza kujaa hayamsubiri mfiwa, lakini mimi nilikuwa nafunga fundo, nalifungua, nalifunga tena.

Nyinyi mnaosoma safu hii mmenizoea kwa habari za ufukweni: mwani uliokatika, kamba zilizooza, mvua iliyotunyeshea mwani ukiwa umeanikwa. Leo nitamwandika mtu ambaye hakuwahi kufunga hata kamba moja, ila kazi yake ilianzia katikati ya vidole vyetu vya miguu. Hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mtu tuliyejuana naye tu, mwanamke wa Nyanda za Juu Kusini, kwenye baridi, aliyeletwa kisiwani na serikali kufundisha kemia kama walivyoletwa walimu na wauguzi wengine wa bara. Wengi wao hukaa wakihesabu miezi mpaka wapate uhamisho. Yeye alikaa. Na aliyemfanya akae, kama nilivyokuja kuelewa, hakuwa mtu. Ilikuwa ni kuvu, hiyo ambayo wengi tunaiita fangasi.

Anayelima mwani anajua ninachosema. Bamvua ikifika, maji yanakupwa mbali, tunaingia na viatu vya plastiki au soksi kuukuu ili tusichomwe na magamba na miiba ya bahari, na tunasimama humo tangu maji yanatoka mpaka yanarudi. Ngozi ya katikati ya vidole inalainika, inakuwa nyeupe kama nyama ya nazi, inapasuka, inanuka. Maji mafu yakija, yale yasiyokupwa mbali, tunapumzika nchi kavu, miguu inaanza kupona. Bamvua ikirudi, inaoza upya. Dawa za kupaka za dukani tulizitumia, mwanzo zikasaidia, baadaye ikawa kama tunapaka mafuta ya mgando. Wa kuumia kuliko wote alikuwa mama mkubwa wangu, aliyenilea. Alifika mahali anaingia majini akichechemea huku amejishika kwenye vigingi. Asingeweza kuacha. Mwani ukiachwa bamvua mbili bila mtu unavamiwa na majani, unaliwa na samaki, unakatika wenyewe, na nyumba yetu ilikuwa inakula kutoka kwenye kamba zile.

Basi siku moja mwalimu akashuka kwenye pikipiki pale Utende, karibu na tunapoanika, amebeba vikopo vidogo na kisu kisicho na ncha. Akasalimia. "Shikamoo, mama." Mama mkubwa akaitika, "Marahaba, mwanangu." Mwalimu akaeleza bila kuzunguka kwamba anaomba akwangue kidogo kati ya vidole vyetu, achukue ile ngozi nyeupe. Tukatazamana. Jirani yetu, ambaye Mungu kampa mdomo, akauliza, "Mwalimu, kwenu bara hakuna uchafu mpaka uje kuchukua wa kwetu?" Kina mama wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu naye akacheka, ingawa kicheko chake kilichelewa, kama mtu anayetafsiri kwanza moyoni. Kisha akasema, "Upo, ila wa kwenu umesoma zaidi. Umeshazijua dawa zote." Mama mkubwa akauweka mguu wake mapajani mwa mwalimu. "Kwangua. Bora kuna mtu anayeutaka."

Siku ile alituambia kwa nini anafanya hivyo. Mdogo wake wa kiume alifariki kwa kuvu iliyomwingia kichwani, si ya vidole hii yetu, nyingine, na hospitali walikuwa na dawa moja tu, nayo ilimwumiza figo kabla haijaifikia ile kuvu kichwani. "Watu wengi hawajui," alituambia, "kuvu imekaribiana na mwili wa mtu kuliko bakteria alivyokaribiana nao. Kwa hiyo kinachoiua, mara nyingi kinatuua na sisi. Ndiyo maana dawa zake ni chache." Alikuwa akitafuta dawa mpya, na njia yake ilikuwa madini: shaba, zinki, kobalti. Anachukua madini mojawapo, anayafunga pamoja na kitu kingine, anapata kitu cha tatu ambacho si hiki wala kile. Halafu anakijaribu juu ya kuvu hai.

Kuvu hai inataka shamba. Maabara wanaiotesha kwenye sahani ndogo za kioo zenye vifuniko, juu ya kitu kilichoganda mfano wa maji ya ubwabwa yaliyopoa. Unga wa kugandishia ulikuwa unatoka mbali na shule haikuwa nao. Mwalimu alipogundua kwamba mwani wetu tunauchemsha na kuugandisha kwa kula, akaomba ajaribu. Mama mkubwa akawa anamchemshia, anauosha kwanza mpaka chumvi yote itoke, na mwalimu anachanganya na maji ya viazi vya mviringo yaliyochujwa, anavifukiza kwa mvuke ili visiwe na vijidudu vingine. Mara ya kwanza ulikuwa uji. Mara ya pili ukapasuka. Mwishowe ukaganda, ukang'aa. Jirani akauliza, "Kwa hiyo ugonjwa wetu unalala juu ya mwani wetu, unakula viazi, na sisi tunakula muhogo mkavu?" Mwalimu akamjibu, "Acha ule ushibe leo, shoga. Kesho nauua." Hilo "shoga" lilikuwa neno la kwanza la kwetu kumsikia akilitumia, na lilimkaa vizuri.

Alituita tuone. Sisi hatukuwa tumewahi kuingia maabara. Wengine tuliishia darasa la saba na wengine hata huko hatukufika. Tulivua viatu mlangoni kama msikitini, akatuambia tuvivae. Juu ya meza palikuwa na mrututu, yale mawe ya buluu tunayoyajua sote, ambayo wazee walikuwa wakiyasaga na kuyaweka kwenye kidonda sugu. "Huu ndio shaba yangu," alisema. Akauyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, ukawa buluu ya kupendeza. Kwenye chupa nyingine alikuwa na maji ya njano aliyoyatengeneza mwenyewe. Akasema yale ya njano ni kama kaa. "Shaba peke yake haipiti kwenye ngozi ya kuvu, ile ngozi ina mafuta. Lakini kaa akiikamata kwa magando yake mawili, na mgongo wa kaa una mafuta, wataingia pamoja." Akamimina njano ndani ya buluu, polepole, huku akikoroga. Rangi zikapotea zote mbili. Ikaja kijani nzito, na ndani yake ukaanza kutua unga, kama vumbi linavyotua nyumba ikishafagiliwa. Mwalimu akanigeukia mimi niliyekuwa nyuma ya wote. "Na wewe umeona nini?" Mimi maneno yangu huja taratibu. Alisubiri. Nikasema nimeona buluu imekufa. Akasema, "Haijafa. Imeshikwa." Baadaye nilipoanza kuandika safu hii nilikumbuka jinsi alivyosubiri jibu langu bila kunisaidia.

Wiki iliyofuata alituonyesha sahani. Katika kila moja kuvu yetu ilikuwa imetambaa kama pamba chafu, na katikati alikuwa ameweka vipande vidogo vya karatasi alivyovichovya kwenye dawa. Kilichochovywa kwenye maji matupu, kuvu ilikuwa imekipanda juu. Kilichochovywa kwenye njano peke yake, vivyo hivyo. Kilichochovywa kwenye mrututu mtupu kilikuwa na duara dogo safi kukizunguka, jembamba kama ukucha. Na kile cha dawa ya kijani, duara lilikuwa kubwa, safi, mwani unang'aa kama siku ulipomwagwa. Kuvu ilikuwa imefika ukingoni ikasimama. Kina mama walipiga vigelegele humo humo maabara. Mama mkubwa aliinama juu ya sahani ile muda mrefu, na alipoinuka macho yake yalikuwa na maji. "Nipe kidogo," alisema.

Mwalimu akakataa. Alikataa kwa upole, lakini alikataa. "Sahani haina ngozi, mama. Haina ini, haina figo. Kuvu kufa hapa ni jambo moja, mtu kupona ni jambo jingine. Bado." Jirani akachukia kweli kweli, utani ukamtoka. "Basi sisi tumekuwa shamba tu. Umevuna ugonjwa wetu, umechemsha mwani wetu, na dawa unaifungia kabatini!" Mama mkubwa hakupandisha sauti. Aliuliza kama anayeuliza njia. "Bado mpaka lini, mwanangu?" "Miaka, mama." "Miguu yangu haina miaka." Tukaondoka, na mwalimu alisimama mlangoni akitutazama mpaka tulipopanda gari.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo tulikuja kulijutia wote. Mama mkubwa alikuwa ameliona duara la mrututu. Lilikuwa dogo, lakini lilikuwepo, aliliona kwa macho yake, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyelionyesha kwa sababu hakutaka kuficha sahani yoyote. Na mrututu si kitu cha kufungiwa kabatini. Upo dukani, upo ndani ya mikoba ya bibi zetu. Akawaza kama ambavyo yeyote kati yetu angewaza: kama dawa ya kijani ni mtoto wa mrututu, basi mama ana nguvu kuliko mtoto, shida ni kipimo tu. Kipimo kikiongezwa, duara litakua. Akausaga, akauchanganya na mafuta ya nazi mpaka ukawa mzito, akaujaza kati ya vidole, akafunga kitambaa, akavaa kiatu chake cha plastiki juu yake, na akaingia majini kwenye bamvua. Alipoanza kuungua alifurahi. Kwetu tumelelewa tukiamini kwamba dawa inayouma ndiyo inayoponya. Alisimama ndani ya maji ya chumvi siku nzima akiuma meno, anatuambia, "Inafanya kazi, inafanya kazi," na sisi tunampongeza. Tulipotoka, kitambaa kilikuwa kimegandana na nyama. Mimi ndiye niliyekifungua. Sitaandika nilichokiona.

Alilazwa Kilindoni. Kidonda kilikataa, na mwishowe kidole kimoja cha mguu wa kulia kikaondolewa ili vingine vibaki. Mwalimu alipopata habari alikuja moja kwa moja kutoka darasani, chaki bado mikononi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwamkia. Mama mkubwa hakuitika, na kwetu mtu asiyeitikiwa shikamoo amefukuzwa. Kisha akasema, "Usingenionyesha lile duara la mrututu." Mwalimu hakujitetea. Alipandisha mkono wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko. Palikuwa na kovu jekundu, linang'aa, kama pa mtu aliyerukiwa na mafuta ya moto. "Hii ni ile dawa ya kijani yenyewe," alisema. "Nilijipaka kabla sijawaita. Iliniunguza mpaka ndani. Ndiyo maana nilikunyima." Mama mkubwa alilitazama lile kovu. "Sasa hili mbona hukutuonyesha? Ulituonyesha duara, ukavaa mikono mirefu."

"Niliona haya, mama. Nilitaka mfurahi kwanza."

"Haya yako imekula kidole changu."

Nimesikia maneno makali mengi ufukweni, ya kugombania maji na vigingi, lakini sijasikia lililotua kama lile. Mwalimu aliinamisha kichwa. Hakuomba aambiwe si kosa lake. Alisema tu, "Kweli," na akatoka nje kuosha uso bombani. Siku zile zote za kidonda alikuwa anakuja na kitambaa safi na maji yaliyochemshwa, anamwosha, anamfunga, na mama mkubwa anamwachia mguu bila kumpa neno. Ukitaka kujua adhabu, fikiria kumhudumia mtu kwa mikono miwili naye anatazama ukutani.

Ila kuanzia hapo mwalimu alibadilika, na hili ndilo nililotaka hasa kuwaandikia. Alianza kutualika kwenye kushindwa kwake. Alikuwa anampigia simu jirani yetu na kusema, "Shoga, nimeshindwa, njooni Jumamosi mwone." Mara ya kwanza jirani alifikiri hajasikia vizuri. Alipoelewa akatangaza mtaa mzima: "Wabara bwana! Sisi tunaalika watu kwenye arusi, mwenzetu anaalika kwenye kushindwa! Haya, semeni, navaa nini?" Akavaa kanga mpya, jozi kamili, ili amkomeshe. Mwalimu alipomwona amependeza vile mlangoni pa maabara alicheka, na safari hii kicheko hakikuchelewa. Basi ikawa desturi. Tukialikwa kwenda kuona dawa iliyokataa, tunavaa kanga nzuri.

Mama mkubwa hakwenda mara ya kwanza. Lakini asubuhi ile nilimkuta jikoni anachemsha mwani. Aliumimina kwenye bakuli, akafunika kwa sahani, akanipa. "Mpelekee mwenzio. Mwambie umechemshwa na mtu wa vidole tisa." Nilibeba ujumbe ule njia nzima nikiogopa kuutoa. Nilipousema, mwalimu alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akalitazama, akacheka na kulia kwa pamoja. "Mwambie vidole tisa vinagandisha vizuri kuliko kumi." Nilirudisha jibu. Mama mkubwa aligeukia moto, na mabega yake yakatikisika kidogo. Mwaliko uliofuata alikuwa wa kwanza kuvaa. Mwalimu akamwamkia, naye akaitika, "Marahaba," ndefu, kama inayolipia zile zote zilizopita.

Tuliona mengi humo. Tuliona dawa ya kobalti ambayo kuvu iliipanda kama inapanda ukuta wa choo. Tuliona ya zinki, ambayo haikumwunguza mwalimu mkononi, lakini duara lake lilikuwa jembamba mno. Na siku moja alituonyesha vikombe viwili vya maji ya bahari vyenye wadudu wa jamii ya kamba wale wa kuliwa, wadogo kama vumbi, aliowatotoa mwenyewe. Kikombe cha kwanza alikuwa ametia tone la dawa ya kijani, ile ya shaba, ile ya duara kubwa tuliyoipigia vigelegele. Wote walikuwa wamezama chini. Cha pili alitia ya zinki, na humo walikuwa bado wanaogelea. "Hata kama nisingeungua," alisema, "hii ya kijani nisingewapa. Miguu yenu haikai nyumbani. Nikikupaka wewe, mama, nimeipaka bahari." Tangu bahari yetu iwe hifadhi tumesikia mikutano mingi juu ya kutokutia sumu baharini, na wengine wetu tulikuwa tunasinzia. Mbele ya kikombe kile hatukusinzia. Jirani alichungulia akasema, "Maskini, hata fangasi hawakuwa nazo."

Kwa hiyo dawa haikupatikana. Nisiwadanganye. Alichotuachia kilikuwa jambo la kawaida kabisa, ambalo yeye mwenyewe alilisema kwa aibu: tukitoka majini tujikaushe katikati ya vidole kwa kitambaa kikavu, kidole kwa kidole, viatu tuvianike juani, soksi mbichi tusizirudie, na asiyeweza apumzike maji mafu yote. "Nimesoma miaka yote ile nije kuwaambia mjifute," alisema. Lakini mama mkubwa alijifuta, na bado yumo majini hadi leo, na kamba zake zipo. Mwalimu aliendelea na zinki. Alikuwa anambadilisha yule kaa, anampa magando mengine, mgongo mwingine, anajaribu, anashindwa, anatualika.

Mwaka jana tukaanza kumwona anavimba miguu na uso. Tukamtania kwamba ardhi ya kisiwani imemkubali. Ilikuwa figo. Alipopanda boti kwenda kutibiwa bara alimpigia mama mkubwa simu. "Mama, kuna sahani nimeziacha kabatini, za zinki. Nikirudi tutaziona." Mama mkubwa akamwambia, "Kanga naikunja naiweka juu." Hakurudi. Alizikwa kwao, kwenye baridi, mahali ambapo hakuna kati yetu aliyewahi kufika wala angeweza kufika kwa muda ule. Hatukumwona, hatukukaa matanga yake, hatukujua tumpe nani pole. Kufiwa na mtu wa mbali kuna upungufu wake. Unakuwa na machozi lakini huna mlango wa kwenda kulilia.

Siku hizi kila mtu ana duara lake la kuonyesha. Pale gatini hupita watu wenye vipaza sauti, wana dawa ya fangasi, ya nguvu, ya macho, ya mapenzi, na zote zimeponya watu elfu, wala hakuna hata moja iliyowahi kumwunguza mtu. Kwenye simu ndiyo usiseme. Viongozi nao huja kufungua miradi kwa ngoma na utepe, ila mradi ukifa hakuna anayetuita tuje kuuona ulivyolala. Tunabaki kukisia wenyewe ni nini kilichoua, kisha tunarudia kosa lile lile mtaa wa pili. Kidole cha mama mkubwa hakikuliwa na ujinga peke yake. Kililiwa na nusu ya ukweli, ile nusu inayopendeza, iliyoonyeshwa watu na mtu mwema aliyekuwa na nia njema kabisa.

Kijana wa maabara alipiga tena siku chache baada ya msiba. Alisema anatakiwa aoshe vyombo vya marehemu, wanafunzi wanavihitaji, lakini moyo wake umekataa kabla ya kutuuliza. Mama mkubwa akashusha kanga. Jirani akavaa ile jozi yake ya mwaliko wa kwanza, sasa imepauka. Tukaenda. Mvua ya rasharasha ilitukuta njiani, tukaingia maabara miguu imelowa. Kijana alifungua kabati, akazipanga sahani juu ya meza kama alivyokuwa akizipanga mwalimu. Zilikuwa zimekaa muda mrefu. Mwani ulikuwa umekauka ukajikunja pembeni, na kuvu ilikuwa imefunika kila kitu, vipande vya karatasi havionekani. Tulizitazama moja moja, hakuna aliyekuwa na haraka. Jirani, ambaye siku hiyo hakuwa na utani hata mmoja, alishika sahani ya mwisho akaielekeza dirishani. "Hapa, hebu angalieni, naona kama kuna duara. Dogo."

Mama mkubwa aliichukua. Aliigeuza juu, akaigeuza chini, akaisogeza machoni. Nilitamani aseme ndiyo. Nadhani sote tulitamani. Akairudisha mezani taratibu.

"Usimsingizie marehemu," alisema. "Hakuna duara." Kisha, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kumwitikia, akasema, "Tumeona, mwalimu. Bado."

Hapo ndipo tulipolia. Yale ndiyo yalikuwa matanga yake, na mlango wetu wa kulilia ulikuwa mlango wa kabati. Nilichojifunza kwake si kikubwa, na nakiandika kama nilivyokiona: anayekuonyesha alipofaulu amekufurahisha, lakini anayekuita uje uone aliposhindwa amekulinda, maana hutapita njia ile ukiwa kipofu. Kijana alipoanza kukusanya sahani ili azioshe, mama mkubwa alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, akashika pindo kavu la kanga yake nzuri, akajifuta miguu, kidole kwa kidole, hata pale ambapo kidole hakipo.